Kifua cha Mtoto Mchanga

Wazazi wengi wamwangaliapo mtoto wao siku za kwanza huingiwa na wasiwasi: kichwa ni kikubwa, kifua ni kidogo, na tumbo lapanda na kushuka kila avutapo pumzi. Twapenda kuwaeleza wasomaji wetu lipi ni la kawaida na lipi ni la hatari.

Mtoto aliyetimiza miezi yake azaliwapo, mzunguko wa kichwa chake huwa kama sentimeta 34, na wa kifua hupungua kwa sentimeta 2 hivi. Kifua hicho ni cha mviringo kama mtungi, nazo mbavu ni laini, zimelala badala ya kuinama. Kwa kuwa mbavu zilizolala haziwezi kukipanua kifua sana, mtoto hupumua kwa msuli ulio kati ya kifua na tumbo. Ndiyo maana tumbo huinuka. Huo si ugonjwa. Pengine matiti ya mtoto, wa kike au wa kiume, huvimba kidogo kwa sababu ya homoni alizozipata kwa mamaye. Yasikamuliwe, maana hupata jipu. Yakiachwa hupungua yenyewe.

Karibu na kutimiza mwaka mmoja kifua hulingana na kichwa, kisha hukipita. Mtoto akisha kusimama na kutembea, mbavu huanza kuinama, na kifua hupanuka kuelekea ubavuni. Kama amepita miaka 2 na kifua bado ni kidogo kuliko kichwa, yamkini chakula hakimtoshi; apelekwe kliniki.

Sasa hatari yenyewe. Mfunueni mtoto akiwa ametulia, mkatazame chini ya mbavu. Avutapo pumzi, ikiwa sehemu ya chini ya kifua yabonyea ndani kila mara, huenda ana homa ya mapafu: mapafu yamekuwa magumu, naye ajikaza mno hata mbavu zake laini zavutwa ndani. Tena hesabuni pumzi zake kwa dakika nzima. Zikifika 60 kwa mtoto asiyetimiza miezi 2, au 50 kwa aliye kati ya miezi 2 na mwaka, apelekwe hospitali siku ile ile. Asichanjwe kifuani wala asichomwe moto. Hayo humwongezea maumivu na kumcheleweshea dawa.

Basi walimu na wazee wa vijiji, wafundisheni kina mama kuhesabu hivyo. Mwenye saa na amwazime jirani yake kwa dakika moja.