Mkono Unaojua Migongo

Kuba na marumaru za hamamu za Istanbul zimesifiwa vya kutosha. Kilichoninasa mimi ni kese, mfuko wa kitambaa kinachoparuza, unaovaliwa mkononi, ambao zamani ulifumwa kwa singa za mbuzi au hariri. Tellak, msuguaji wa wanaume, akiupitisha mgongoni mwako, nongo hutoka zimejiviringa kama tambi za kijivu. Naye hakuachi hivihivi, lazima akuonyeshe.

Mzee mmoja wa kazi hiyo, aliyeingia mjini akiwa kijana kutoka Tokat, anasema msuguaji mbaya utamjua kwa haraka yake. Mteja alazwe kwanza juu ya göbektaşı, jiwe pana la katikati ya ukumbi linalopashwa moto kwa chini, atokwe jasho mpaka ngozi ilainike. Sabuni isiguswe bado: ngozi ikiteleza, kese hupita bure. Kwa sababu hiyohiyo hawapendi wateja wanaokuja wamejipaka losheni. Povu lina zamu yake baadaye, likikamuliwa kwenye mfuko wa kitambaa uliojazwa hewa, mpaka mtu afunikwe mwili mzima. Kisha anamwagiwa maji kwa bakuli kutoka kurna, beseni la jiwe lisilo na tundu la kutolea maji. Hakuna kujilowesha katika maji yaliyotuama. Ya kuoshea mwili sharti yatiririke.

Lakini anachokieleza kwa fahari zaidi ni kiganja. Kwa kiganja, anasema, humtambua anayekaa kitini kutwa na anayebeba mizigo, na huhisi mahali penye maumivu kabla mwenyewe hajaguna. Hapo hupunguza nguvu bila kuuliza. Huku pwani ujuzi wa namna hii tunauona kwa somo anayemsinga bibi harusi, ila somo humjua mwari wake. Huyu hupokea migongo ya watu asiowajua, mmoja baada ya mwingine, mpaka jioni.

Na historia haimtaji. Hamamu ya Çemberlitaş ya mwaka 1584 tunajua aliyeigharimia, Nurbanu, mama wa Sultani Murad wa Tatu, na tunajua msanifu wake, Sinan. Hamamni ya Unguja tunamtaja Sultani Barghash. Waliosugua humo ni akina nani? Jina la tellak lililodumu ni la Patrona Halil, Mwalbania anayesemekana kuwa aliifanya kazi hiyo, aliyeongoza uasi wa mwaka 1730 uliomwondoa Sultani Ahmed wa Tatu madarakani. Baada ya hapo Waalbania walipigwa marufuku kuajiriwa hamamuni. Watawala waliogopa nini hasa? Mikono yao, au yale waliyoyasikia wakubwa wakiwa wamelala mbele yao na shuka moja tu kiunoni?

Mzee wangu hana ugomvi na sultani yeyote. Vifundo vya mikono humuuma usiku, riziki yake hutegemea bakhshishi, na bakhshishi hufuata msimu wa watalii. Wanawe hawakuitaka kazi hii, naye hakuwashawishi. Nilipomtajia Patrona Halil alisema anamjua vizuri, kisha akataka kujua kwa nini waandishi humuulizia huyo tu, wakati yeye anaweza kunitajia mabingwa waliomfundisha, mmoja mmoja, na hamamu ya kila mmoja.