Unne wa Ubeti: Mshororo au Kipande?
Istilahi ya tarbia humaanisha ubeti wa mishororo minne. Hata hivyo, idadi hiyo pekee haitoshi kupambanua bahari za ushairi. Katika shairi, kama mengi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa, mshororo una mizani 16, yaani ukwapi 8 na utao 8. Ubeti mzima ni mizani 64. Utenzi nao una vipande vinne vya mizani 8, jumla 32: vitatu hushiriki kina kimoja, cha nne hubeba kina kinachorudi hadi tamati. Katika miswada ya hati za Kiarabu, vipande hivyo huweza kupangwa katika mstari mmoja au miwili. Basi mhariri anayehesabu mistari ya karatasi hupotoka; hakimu ni sikio.