Kabla ya kununua programu ya mikataba

Katika maneno ambayo Kiswahili kilichota kutoka Kiarabu, upo ukoo mmoja ambao walimu wa lugha huufurahia sana darasani: kitabu, katibu, maktaba, katiba na mkataba. Yote yatokana na mzizi mmoja wenye maana ya kuandika. Ni ajabu basi kwamba katika biashara zetu nyingi mkataba ndio mwandiko usiosomwa na yeyote baada ya siku ya kutiwa sahihi. Hufungiwa kabatini, ukafunikwa na stakabadhi za miaka mitatu, na haukumbukwi mpaka siku ya ugomvi.

Wauzaji wa programu za tarakilishi wameitambua ila hiyo (wapendao kusema kompyuta na waseme, sina ugomvi nao). Siku hizi huzunguka katika afisi za Nairobi na miji mingine wakiwa na bidhaa ambayo kazi yake ni kutunza mikataba: kuihifadhi mahali pamoja, kuonyesha nani amebadilisha neno gani katika rasimu, kuipitisha kwa wenye kuidhinisha, kukusanya sahihi, na kutoa onyo tarehe fulani inapokaribia. Ni kazi muhimu, wala sikubaliani na wale wanaosema kwamba mambo hayo ni ya mashirika makubwa peke yake. Hata sheria imekwisha kuyapa nafasi. Marekebisho ya sheria za biashara ya mwaka 2020 yaliitambua sahihi ya kielektroniki katika Sheria yetu ya Mikataba, Sura ya 23, ambayo asili yake ni ya mwaka 1961.

Swali linalonishughulisha ni jingine. Mwenye biashara atajuaje kwamba wakati wake wa kununua umewadia?

Wauzaji wanacho kipimo chao, nacho ni idadi. Ukiwa na mikataba mia moja, wasema, umechelewa. Kipimo hicho nakikataa. Mwenye nyumba aliye na wapangaji mia tano, wote wametia sahihi karatasi ya namna moja na wote hulipa tarehe tano, hana tatizo kubwa. Akiusoma mkataba mmoja ameisoma yote. Lakini mfanyabiashara mwenye mikataba ishirini tu, kila mmoja na tarehe yake, adhabu yake na namna yake ya kuvunjwa, huyo ana msitu. Tena msitu huo aghalabu umeandikwa kwa Kiingereza cha mawakili, ilhali anayeulipia kila mwezi ni mhasibu ambaye hakuitwa siku ulipojadiliwa.

Nitatoa mfano ninaoufahamu vyema. Mwanafunzi wangu wa zamani, ambaye nilimfunza somo la Biashara, ana kiwanda kidogo cha kupiga chapa mjini Nakuru. Huchapa madaftari, ripoti za shule na kalenda. Alikuja kuniuliza, "Mwalimu, wananitaka nilipe kwa dola, kila mwaka. Ninunue au nisinunue?" Nilimwomba kwanza anionyeshe mikataba yenyewe, yote, juu ya meza moja.

Ilichukua siku nne. Mkataba wa jengo ulikuwa kwa wakili. Ule wa karatasi haukuwa hati bali mlolongo wa barua pepe ambazo ndani yake bei ilibadilika mara tatu. Ya shule mbili ilikuwa picha katika simu ya mkurugenzi mwenyewe, na moja ya picha hizo ilipigwa gizani. Wino waliletewa kwa maneno matupu na mtu ambaye wamefanya naye kazi kwa miaka mingi. Mkataba wa kukodi mashine kubwa ya kukata karatasi ulipatikana kwa mhasibu, lakini ukurasa wa mwisho haukuwamo.

Ukurasa huo ndio uliowaponza. Walipoomba nakala kamili kwa wenye mashine, waliona kifungu kilichosema kwamba mpangaji asipotoa notisi ya maandishi siku tisini kabla ya mwisho, mkataba utaendelea kwa miaka miwili mingine. Siku tisini zilikuwa zimepita. Nao walikuwa wamekwisha kununua mashine yao wenyewe kwa mkopo. Wakawa wanalipia mashine mbili, moja ikikata na moja ikikusanya vumbi. Msimu wa shule ulipokwisha, vijana wawili waliokuwa wakiitwa kila muhula hawakuitwa tena. Vijana hao hawakujua kuna kifungu, wala hakuna aliyewaeleza.

Labda msomaji atauliza kama hawangeweza kwenda mahakamani wakajitetee kwamba walisahau. La hasha. Mwaka 2001, katika kesi ya National Bank of Kenya na Pipeplastic Samkolit, Mahakama ya Rufaa ilieleza waziwazi kwamba kazi ya mahakama si kuwaandikia watu mkataba upya. Waliokubaliana hufungwa na maneno yao, isipokuwa idhihirike kwamba palikuwa na udanganyifu, kulazimishwa au ushawishi usio halali. Kusahau hakumo katika orodha hiyo.

Mwanafunzi wangu alinijibu kwa hoja ya nguvu. "Si hiyo ndiyo sababu ya kununua, Mwalimu? Programu ingetuonya." Nilimwuliza ingemwonya nani. Aliyepanga mambo ya ile mashine alikuwa ameacha kazi mwaka uliotangulia, na hakuna aliyekabidhiwa yale aliyokuwa akiyasimamia. Onyo lingefika katika sanduku la barua pepe lisilofunguliwa. Isitoshe, programu ingeisoma tarehe gani, iwapo ukurasa wenye tarehe haukuwapo?

Hapo ndipo penye kiini cha mambo. Wauzaji sasa hujivunia akili unde, kwamba utaitupia mashine hati zako nayo itakutolea tarehe, bei na masharti. Nimeona ikifanya hivyo, nayo hufanya vizuri ikipewa hati safi na kamili. Ukiipa rasimu ambayo haikutiwa sahihi, itakutolea masharti ya rasimu kwa uhakika uleule. Ukiipa picha ya gizani, itabahatisha. Na mapatano ya mdomo haiyasikii kabisa.

Mapatano hayo ya mdomo tusiyadharau. Sheria yetu huyatambua katika mambo mengi, ingawa kesi juu ya mkataba wa kuhamisha haki ya ardhi haiwezi kufunguliwa pasipo maandishi, sahihi na shahidi. Tena katika upangaji wa maduka, kukosa maandishi huweza kumkinga mpangaji. Sura ya 301 huuhesabu upangaji usioandikwa kuwa unaolindwa, na mwenye jengo hawezi kuuvunja wala kupandisha kodi bila ilani rasmi ya muda usiopungua miezi miwili. Muuza duka asiye na karatasi yoyote anao mkataba, tena wenye nguvu. Katika programu ya kuhifadhi hati ataingiza nini?

Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Nilimshauri anunue daftari kubwa la jalada gumu, lile la bei nafuu, na kila mapatano yapate mstari wake: tumepatana na nani, juu ya nini, kwa kiasi gani, yanaanza lini, yanakwisha lini, siku ya mwisho ya kutoa notisi ni ipi, hati yenye sahihi iko wapi, na nani kati yetu ataulizwa. Nguzo hiyo ya mwisho ndiyo ngumu kuliko zote. Iliwachukua mchana mzima wa ubishi, kwa sababu kila mtu alidhani ni kazi ya mwingine. Kisha waliweke kwa miezi mitatu, wakilifungua kila Jumatatu. Daftari likifa katika juma la tatu, basi programu nayo ingekufa katika juma la tatu, tofauti ikiwa ni kwamba ingekufa ikiwa imelipiwa mwaka mzima.

Walimu wakuu wanaosoma ukurasa huu wasidhani hayo ni ya wenye viwanda tu. Shule ina mkataba wa maziwa, wa kuni, wa basi, wa mashine ya kunakilisha mitihani. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2015 huitaka taasisi ya umma itunze kumbukumbu za kila ununuzi kwa muda usiopungua miaka sita baada ya mkataba, na miaka sita ndiyo muda ambao mtu anaweza kumshtaki mwenzake kwa kuvunja mkataba. Katika miaka sita shule yaweza kupata walimu wakuu watatu. Anayehamishwa hukabidhi funguo, vitabu vya hesabu na muhuri. Mkataba ambao bado una miaka miwili mbele yake hukabidhiwa mara chache. Somo la Biashara lingefaidika kama wanafunzi, kwa idhini ya shule, wangepewa mkataba mmoja wa kweli na kuulizwa siku ya mwisho ya kutoa notisi ni ipi. Ni hesabu ya dakika kumi.

Sisemi kwamba daftari latosha milele. Kampuni yenye matawi Mombasa, Kisumu na Eldoret, ambayo rasimu zake hupita kwa watu wa mauzo, kisha wa fedha, kisha wakili, kila mmoja akibadilisha neno katika nakala yake, hiyo itapotea katika daftari. Ikiwa mikataba yake yote imekusanywa na kila mmoja una mwenyewe, basi na inunue kesho. Kwa kampuni kama hiyo kuchelewa ndiko kwenye hasara.

Lakini ijue kwamba inatia sahihi mkataba mmoja zaidi. Aghalabu malipo ni kwa dola, kwa kila mtumiaji, na mkataba hujirefusha wenyewe, yaani ugonjwa uleule uliotupeleka kwa mganga. Mwanzoni mwa mwaka 2022 dola moja ilikuwa shilingi 113 hivi. Januari 2024 ilifika kama 160, na katikati ya mwaka huo ikarudi karibu 130. Aliyepanga bajeti yake kwa kiwango cha kwanza alijionea. Na kwa kuwa mikataba ya wafanyakazi ina habari zao za siri, Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 ina masharti juu ya kuzipeleka nje ya Kenya, kwa hivyo ni lazima kuuliza hati hizo zitalala nchi gani.

Kiwanda cha Nakuru kilimaliza miezi mitatu na daftari lingali hai. Notisi moja imetolewa kwa wakati, ya huduma ya jenereta, na muuza wino sasa ana karatasi yake. Mkurugenzi alimwita tena yule muuzaji akamwuliza swali moja ambalo tuliliandaa pamoja: siku tukiachana, nitazichukuaje hati zangu zote, kwa muundo gani, na kwa malipo gani? Muuzaji alisema atalijibu kwa maandishi. Mkurugenzi ameufungulia mstari katika daftari, akaweka tarehe, na katika nguzo ya anayeulizwa ameandika jina lake mwenyewe.