Safari ya Mlimani Pamoja na Jamaa Yangu

Tangu utoto wangu napenda safari kupita kiasi. Nalizaliwa Marangu, kati ya migomba, na kila asubuhi naliona kilele cheupe cha Kibo, nikajiuliza, Huko juu kuna nini? Wazee walitusimulia habari za Yohani Lauwo, mtu wa kwetu, kwamba ndiye aliyewaongoza Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walipofika kileleni mwaka 1889. Shuleni tukasoma habari za Johannes Rebmann, aliyeiona theluji ile mwezi wa Mei 1848. Mwongozi wake aliiita “baridi” tu, na wataalamu wengine wa Ulaya walikataa kusadiki kwamba theluji yaweza kukaa karibu na ikweta.

Basi, nalipokuwa kijana nalitembea kwa miguu katika milima ya Usambara, nikaenda kwa baiskeli mpaka Pangani. Lakini moyo wangu ulikuwa juu ya Kibo. Mwaka 1999 nikapanda pamoja na rafiki yangu. Tulipofika kituo cha Kibo, karibu mita 4,700, aliumwa na kichwa, akatapika. Nikamwambia, “Jikaze, ndugu yangu, kichwa hakimzuii mwanamume.” Usiku ule tukaondoka. Kabla ya alfajiri akaanza kuyumba kama mlevi, na maneno yake hayakueleweka. Mwongozi mmoja akamshika mkono, akamshusha. Na mimi je? Nikaendelea kupanda. Nalifika, nikaliona jua likichomoza. Lakini nilipomkuta Horombo amelala, aligeuza uso wake ukutani. Alipona, kwa kuwa alishushwa upesi. Urafiki wetu haukupona.

Yafaa tuufahamu ugonjwa huu. Kileleni, mita 5,895, kila pumzi humpa mtu karibu nusu tu ya oksijeni aipatayo pwani. Mwili huzoea, ila kidogo kidogo. Ndiyo sababu waongozi hurudia neno “pole pole,” na wasafiri wengi hukaa Horombo siku moja zaidi. Nguvu za ujana si kinga. Mgonjwa akizidi, dawa iliyo kuu ni kushuka mara moja, hata ikiwa ni usiku.

Mwaka 2023 nikapanda tena, pamoja na mke wangu, binti yetu wa miaka 16, na mwanangu wa kiume wa miaka 12. Siku ya kwanza tulipita msituni, tukawaona mbega wakiruka. Siku ya pili miti ikaisha, tukalala Horombo, karibu mita 3,700; siku ya tatu tukapumzika huko. Siku ya nne tulikuwa katika uwanda mkavu ulio kati ya Mawenzi na Kibo, ndipo mwanangu akakaa juu ya jiwe, akakataa chakula. Nikamwuliza, akajibu, “Si kitu, Baba. Naweza.”

Mwongozi akanitazama, asiseme neno. Kibo kilikuwa mbele yetu, na mimi nalikuwa nimeweka akiba ya fedha miaka mingi. Ulimi wangu ulikuwa tayari kusema, “Jikaze.” Nikamkumbuka yule aliyegeukia ukuta. Nikamwambia mke wangu, “Mama, nendeni ninyi na mwongozi. Sisi wawili tunarudi.”

Tukashuka na mwongozi wa pili. Jioni, huko Horombo, mwanangu alikunywa uji, akaomba tena. Kisha akauliza, “Baba, umenikasirikia?” Nikamjibu, “Hapana, mwanangu. Mlima hauhami.” Ndipo nikamweleza habari za mwaka 1999, ambazo sikuwa nimemwambia mtu yeyote nyumbani.

Kesho yake alasiri mama na binti wakaja, nyuso zimejaa vumbi, wakicheka; walifika Gillman's Point, ukingoni mwa kasoko. Mwanangu akawapokea mizigo.

Tuliporudi nyumbani nalikwenda kwa rafiki yangu wa zamani, nikakiri kosa langu. Alinyamaza kitambo, kisha akamwita mkewe alete chai. Tukanywa pamoja.

Enyi wazazi, safirini na watoto wenu, waione nchi yao. Lakini anayeongoza aangalie hatua za aliye nyuma kabisa. Mwendo wake yule ndio mwendo wa safari yote.