Majani ya Springi na Sheria ya Barabara

Askari asimamaye kizuizini katika barabara ya Mocímboa da Praia kwenda Palma hana haja ya kuelezwa sura ya pikapu iliyoongezwa springi. Ikija tupu, nyuma yake imeinuka mithili ya mkia wa nge na pua imeinamia mchanga. Ikija na magunia, mapipa na abiria juu yake, imekaa sawasawa kana kwamba haikubeba kitu. Huko kukaa sawasawa ndiko kunakotudanganya.

Mafundi wa pwani hii hawaongezi majani ya springi kwa urembo. Barabara ni mchanga wakati wa kiangazi na tope wakati wa mvua, na kimbunga Kenneth cha Aprili 2019 kilizidi kuziharibu. Mwenye gari ataka tumbo la gari lisiguse tope, tena ataka safari moja ilipe mafuta. Basi fundi hufungua yubolti, huongeza jani moja au matatu kutoka lori kuukuu, hufunga, kazi imekwisha. Marekani vijana huinua upande wa mbele ili watazamwe, hata jimbo la North Carolina likapiga marufuku, tangu Desemba 2021, gari ambalo madigadi yake ya mbele yamezidi ya nyuma kwa kimo cha inchi 4 au zaidi. Hao wanacheza. Wetu wanatafuta riziki, nasi hatuwezi kuwalaumu sana.

Lakini breki haitofautishi mchezo na riziki. Chini ya aina nyingi za Hilux na Hiace ipo vali ndogo yenye mkono wa chuma uliounganishwa na ekseli ya nyuma. Gari likilemewa hushuka, mkono husogea, na vali huyapa magurudumu ya nyuma nguvu kubwa ya breki. Likiwa tupu, vali huipunguza nguvu hiyo ili magurudumu yasikwame na gari likazunguka. Majani yakiongezwa, gari halishuki tena. Vali hudhani gari ni tupu, kumbe lina tani nzima mgongoni. Dereva hukanyaga, gari huendelea kwenda. Wako mafundi ambao, kwa kuona mkono huo hauna kazi, huufunga kwa waya!

Sheria imeliona jambo hili zamani. Msumbiji ilitumia kanuni ya barabara ya kikoloni ya mwaka 1954 hadi ilipopata yake kwa Amri-Sheria Na. 1 ya tarehe 23 Machi 2011. Humo gari halibadilishwi umbo wala sifa zake bila kibali cha mamlaka ya usafiri, na badiliko lililokubaliwa huandikwa katika hati ya gari, yaani livrete. Uzito ulioandikwa humo hauongezeki kwa sababu springi zimeongezeka, kwani ekseli, tairi na breki ni zilezile. Ng'ambo ya Ruvuma hali ni hiyohiyo. Lori livukalo Daraja la Umoja pale Negomano, lililofunguliwa mwaka 2010, hukuta Tanzania sheria ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016, inayoruhusu tani 10 kwa ekseli moja yenye tairi nne. Mizani haiulizi springi zina majani mangapi.

Sasa tuseme lisilopendeza. Pikapu za vikosi nazo huongezwa majani, huwekwa mabenchi nyuma, na vijana kumi hukaa juu na silaha zao, juu kuliko mtengenezaji alivyokusudia. Gari la namna hiyo hupinduka upesi katika kona. Gari la jeshi laweza kuwa na taratibu zake za usajili, lakini vali yake ni ileile, na wanaorushwa ni askari wenyewe. Kamanda anayemzuia mwenye chapa asubuhi, kisha jioni akapanda gari kama lile, amemwonea mwenye chapa.

Kazi yenyewe kizuizini ni ya dakika tatu. Soma livrete kwanza, kisha piga magoti, washa tochi nyuma ya gurudumu. Jani lililoongezwa hutofautiana na wenzake kwa kutu na kwa upana, na yubolti zake huwa zimevutwa hadi mwisho wa nyuzi. Halafu utafute ule mkono wa chuma, utazame kama umefungwa kwa waya.