Waya wa Betri Usiwe Mwembamba

Wewe mkulima ambaye nguzo za umeme hazijafika shambani kwako, pengine umekwisha nunua paneli za sola, betri, na ile mashine iitwayo inveta, ambayo hugeuza umeme wa betri wa volti 12 uwe wa volti 240 kama ule wa mjini. Vitu hivyo umevilipia pesa nyingi. Basi usije ukaviunganisha kwa waya wowote uliobaki stoo.

Fikiri habari ya mfereji. Mahali penye mteremko mkali, mfereji mwembamba hupitisha maji ya kutosha. Mahali tambarare, ukitaka maji yale yale ni lazima uchimbe mfereji mpana. Volti ndiyo mteremko. Umeme wa volti 240 una mteremko mkali, lakini volti 12 ni tambarare kabisa, kwa hivyo waya wake lazima uwe mnene.

Hesabu yake ni rahisi. Chukua wati, ugawanye kwa volti, utapata ampea. Inveta ya wati 1000 ikifanya kazi yake yote kwa volti 240 hutoa ampea 4 na kidogo. Lakini upande wa betri, 1000 ukigawanya kwa 12 ni ampea 83, na kwa kuwa mashine yenyewe hupoteza kidogo, hesabu 95.

Sasa tazama waya ulioandikwa 2.5, yaani milimita za mraba 2.5 za shaba, ule wa soketi za nyumbani. Ukiutumia kwa mita 3 kutoka betri hadi inveta, ampea 95 zitapoteza karibu volti 4 njiani, na wati zaidi ya 300 zitageuka kuwa joto ndani ya waya. Inveta itaona betri imekwisha, itajizima, na mayai yako yaliyo katika mashine ya kuangulia yatapoa usiku. Hiyo ndiyo hasara ndogo. Hasara kubwa ni mpira wa waya kuyeyuka karibu na nyasi kavu au magunia.

Kwa waya wa milimita za mraba 35, mwendo ule ule hupoteza kama robo ya volti tu. Huo ndio wa kununua kwa inveta ya wati 1000. Ni ghali, ndiyo, lakini dawa ya bei ni kupunguza urefu. Weka inveta mita moja tu kutoka betri, si juu yake, kwa maana betri za maji ya asidi hutoa hewa inayoweza kulipuka. Kama nyumba iko mbali, acha umeme wa volti 240 ndio usafiri: waya ule mwembamba wa 2.5 huupeleka mita 20 na kupoteza volti moja na kidogo tu. Kazi ya upande huo mpe fundi mwenye leseni, kwa sababu volti 240 huua.

Jihadhari dukani. Waya mwingine ni alumini iliyopakwa shaba, nao hauwezi kupitisha umeme kama shaba tupu. Omba kipande, ukwaruze uzi mmoja kwa kisu. Ukiona weupe ndani, urudishe. Wala usidanganywe na mpira mnene.

Fyuzi ni lazima. Iwekwe kwenye waya wa chanya, shubiri moja kutoka betri, ya ampea 125 kwa waya huo wa 35. Kazi yake ni kuulinda waya, kwa hivyo ikikatika usiweke msumari mahali pake.

Mwisho, kaza viungo kwa spana. Endesha mashine nusu saa, kisha izime na uguse waya na viungo vyake. Vuguvugu si neno. Kama waya wote ni moto, ni mwembamba. Kama moto uko kwenye kiungo kimoja tu, kiungo hicho kimelegea au kina kutu.