Shombo, Ukakasi na Siki: Kemia ya Mlo wa Mafia

Mpishi wa Kilindoni, kisiwani Mafia, hamkaangi changu kabla ya kumpaka ndimu au siki. Akiulizwa sababu, atajibu kuwa anaondoa shombo. Jibu hilo ni sahihi, na ndani yake mna somo zima la kemia.

Samaki wa baharini akishakufa, bakteria huanza kuzalisha katika nyama yake kemikali iitwayo trimethilamini. Hiyo ni besi, tena hugeuka mvuke upesi. Ndiyo maana pua huitambua. Ikikutana na asidi ya ndimu au siki hufanyika chumvi isiyoruka hewani, na harufu hupungua.

Siki yenyewe yaweza kutoka mnazini. Mgema hukata karara lisilofunuka, na utomvu wake hudondoka kibuyuni. Likiwa bichi, tembo ni tamu, kwani sukari yake hukaribia gramu 12 hadi 15 katika kila gramu 100. Lakini hamira iliyomo hewani na chomboni huigeuza sukari hiyo kuwa alkoholi na hewa ya kaboni dayoksaidi, na siku haipiti kabla tembo halijawa kali. Likiachwa wazi, bakteria wengine hutumia oksijeni kuigeuza alkoholi kuwa asidi ya asetiki, yaani siki. Kwa mgema jambo hili si dogo: karara ligemwalo halizai nazi, na tembo lililochacha halina mnunuzi. Siki humwokolea sehemu ya jasho lake.

Sasa tulinganishe na kinywaji cha mbali. Nchini Uruguay hustawi zabibu nyeusi ziitwazo Tannat, zilizopelekwa huko na Pascual Harriague katika miaka ya 1870. Mvinyo wake mwekundu haujulikani sana kwetu. Sifa yake kuu ni ukakasi, ule ule tuuonao katika bibo au chai ya rangi iliyokolea. Hiyo ni kazi ya tanini: hushikamana na protini za mate zinazolainisha kinywa, nao ulimi hukauka. Waruguay, ambao ni wafugaji wakubwa wa ng'ombe, huunywa kwa nyama ya kuchoma. Protini ya nyama huipokea tanini, na mafuta yake hulainisha kinywa, ukali hutulia.

Je, mvinyo huo ungefaa kwa changu wa Mafia? La. Mwaka 2009 watafiti wa Japani walionyesha kuwa madini ya chuma yaliyomo katika mvinyo mwekundu huchochea ladha ya shombo unapoliwa pamoja na vyakula vya baharini. Kinywaji kinachosifiwa mezani kwa nyama chaweza, basi, kumharibu samaki.

Mwanafunzi hahitaji kuonja kileo ili athibitishe habari ya tanini. Apike chai ya rangi iliyokolea, bila sukari, aigawe katika vikombe viwili. Kimoja atie maziwa, cha pili atie maji kwa kiasi kile kile, kisha aonje vyote viwili. Chenye maziwa kitakuwa na ukakasi mdogo zaidi, kwa kuwa protini ya maziwa imeishika tanini kabla haijafika ulimini.

Baada ya hapo aende jikoni kwao, aulize kila kiungo hutiwa kwa sababu gani, na ayaandike majibu. Kisha darasani, pamoja na mwalimu wake, atafute ipi ni asidi, ipi ni besi, na ukakasi watoka wapi.